Talaka ya Bi Mapepe

Enzi zetu hapa Tanga, mwigizaji akikuudhi ulikuwa unaijua nyumba yake. Naanza na hilo kwa sababu juzi mjukuu wangu Rukia aligoma kula chakula cha mchana. Nilidhani anaumwa. Kumbe katika vichekesho vya kwenye televisheni, ambavyo amevifuata tangu yuko darasa la tatu na sasa ana mchumba, wamemwondoa yule aliyekuwa mama mwenye nyumba wakamweka mwingine, na huyo mwingine ati anacheka vibaya. Rukia akakaa na simu yake akiwaandikia maneno makali watu asiowajua, nao wakamjibu kwa makali zaidi. Nikamwambia, "Sisi tulipobadilishiwa, mama yangu alihama nyumba." Hapo ndipo akaiweka simu chini.

Kwa hiyo nimekaa na daftari langu nijaribu kuiandika habari hiyo sawasawa. Shule niliishia darasa la nne, na wengi wa kunisahihisha wameshatangulia. Mnaoikumbuka kuliko mimi mtanisamehe. Dada yangu Mwanaisha nimempigia simu mara mbili kumuuliza, na pale tunapohitilafiana nitasema.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo pale Ngamiani, miaka michache kabla ya Uhuru, wiki nzima ilikuwa inaelekea Jumamosi. Asubuhi tulikwenda shule miguu peku, alasiri chuoni kwa Mwalimu kusoma Kurani, na katikati yake tulicheza rede na mdako hadi vidole vikawa vyeupe kwa vumbi. Lakini Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, mtaa mzima ulikwenda ukumbini. Ulikuwa ukumbi wa mabati, joto lake lingeweza kuivisha mkate. Wanaume walikaa kwenye mabenchi upande wa kulia, wanawake kwenye mikeka upande wa kushoto, na sisi watoto tulijazwa mbele kama dagaa. Mlangoni alikaa Bi Nuru, muuza mihogo ya kukaanga, na harufu ya mafuta yake ya nazi na ndimu na pilipili ilitufuata ndani. Mpaka leo nikisikia harufu ile nataka kucheka, na sijui kama wenzangu mna hali hiyo au ni mimi tu.

Mchezo uliitwa Nyumba ya Bwana Vumbi. Ulichezwa kila Jumamosi kwa miaka, sijui mingapi, nilizaliwa nikaukuta. Bwana Vumbi alikuwa Baba yangu. Kazi yake hasa ilikuwa useremala, lakini Jumamosi alijipaka unga wa ngano ndevuni akawa mzee bahili, mwongo, mwoga wa mkewe. Mke huyo aliitwa Bi Mapepe, naye alikuwa Salehe, fundi cherehani wa mtaa wa pili. Wakati ule wanawake hawakupanda jukwaani, basi wanaume ndio waliojifunga kanga. Na Salehe, jamani, alijifunga. Akipita mbele na kikapu, akigeuza shingo kumtazama Bwana Vumbi bila ya kusema neno, wanawake walilia kwa kicheko.

Niseme pia jambo ambalo mtaa wote ulilijua. Bi Mapepe alikuwa ni Mama. Baba hakuwa na kipaji cha kubuni, alichukua vitu nyumbani. Mama akimgombeza Jumanne kwa kuleta samaki wa juzi, Jumamosi Bi Mapepe anamgombeza Bwana Vumbi kwa samaki wa juzi. Hata kanga aliyojifunga Salehe ilikuwa ya Mama. Mama alikuwa akikaa kwenye mkeka wa mbele, anajitazama, anacheka kuliko wote. Nadhani alifurahi. Mwanaisha asema alikuwa akiona haya kidogo, naye alikuwa mkubwa, huenda aliona zaidi.

Basi Salehe akapata kazi ya kushona sare katika shamba la mkonge upande wa Korogwe. Akaondoka Jumatano. Jumamosi mchezo upo. Kikundi kikamtia Athumani, mpakuzi wa mizigo bandarini.

Sitaki kumwonea Athumani. Alikuwa mtu mwema, na maneno yote aliyahifadhi kwa siku mbili. Lakini alikuwa na kimo cha mlango, sauti ya pipa tupu, na masharubu aliyokataa kuyanyoa kwa sababu alikuwa anakwenda kuposa mwezi ule. Alipotokea na kanga ya Mama imemfika magotini, ukumbi ulinyamaza. Nasikia mabati tu yakilialia kwa joto. Kisha Bi Nuru, kutoka mlangoni na mwiko mkononi, akauliza:

"Bwana Vumbi, huyo ni nani?"

Baba akajikaza. "Huyu ni mke wangu, Bi Mapepe."

"Bi Mapepe tunamjua. Huyo umemwoa lini, na sisi hatukualikwa?"

Kutoka upande wa wanaume mtu akadakia, "Kaweka mwanamke ndani bila ya ndoa." Na mwingine, "Kheri angekuwa mwanamke, yakhe. Yule ana masharubu kumshinda mumewe."

Wengine walicheka, lakini wengi hawakucheka. Nusu walitoka kabla mchezo haujesha. Wiki iliyofuata Baba akisalimu watu wanatazama pembeni. Kinyozi alimnyoa upande mmoja, akaanza kumuuliza habari za Salehe, na upande wa pili hakuumaliza mpaka amejibiwa. Bi Nuru alikataa kumuuzia Athumani mihogo. Alimwambia hii ni ya Bi Mapepe, akirudi ataikuta. Jumamosi ya pili walikuja watu wengi kuliko kawaida, wakakaa wameukunjia mchezo mikono mpaka mwisho. Bwana mmoja alisimama akasema hana ugomvi na Athumani kama Athumani, lakini kama Bi Mapepe hamtambui.

Baba alikuwa mtu wa utaratibu. Akawaambia wenzake watu wana haki. Mke hatoki hivi hivi na mwingine hawi mke hivi hivi, basi Bwana Vumbi amwache wa kwanza kisheria mbele ya watu, na Jumamosi inayofuata amwoe wa pili kwa ndoa, na halua itolewe. Wenzake wakaona kweli. Hakuna hata mmoja aliyefikiri zaidi ya hapo. Nami siwalaumu, kwa sababu aliponieleza mimi, mtoto wa miaka tisa, niliona ni jambo la maana kabisa.

Jumamosi ya tatu Baba akasimama na unga wake ndevuni, akainua mkono, akasema kwa sauti ya kufika sokoni, "Mashahidi mpo. Mke wangu nimemwacha. Talaka tatu."

Baadaye aliulizwa kwa nini tatu. Alisema moja ingekuwa kama anabembeleza.

Upande wa wanaume walipiga makofi. Upande wa wanawake vichwa vyote viligeuka kwa pamoja vikamtazama Mama.

"Shoga," Bi Nuru akasema, na hakusema kwa ubaya, "hakutaja jina. Kasema mke wangu."

"Na mke anaye mmoja tu," akasema mwingine.

"Na talaka haina mzaha. Walimu wasema hata ya mchezo ni talaka."

Mama alisimama, akakunja mkeka, akatoka. Mwanaisha asema mkeka aliuacha akaubeba yeye. Huenda. Mimi nakumbuka mgongo wa Mama tu, na jinsi wanawake walivyompisha kama wanavyompisha mfiwa.

Baba alikuja nyumbani mbio, unga bado ndevuni. Mlango wa chumba umefungwa.

"Mama Mwanaisha, ule ni mchezo."

"Usinisemeshe," Mama akajibu toka ndani, "mpaka tujue mimi ni nani kwako."

Kesho yake asubuhi akapanda gari la moshi, akaenda kwao Muheza.

Mkiwa mmewahi kuona mama anatoka nyumbani na kikapu mtajua sina haja ya kueleza sana. Baba alitupikia. Sitasema alipika vibaya, nitasema tu kwamba paka aliondoka. Jioni nilikaa barazani nikihesabu mimi ningekuwa mtoto wa nani endapo Mama ni mwachwa kweli, maana nilisikia watoto wa talaka hugawanywa, na Mwanaisha alikuwa ameshasema yeye aenda Muheza kwenye machungwa ya Bibi. Watu nao walikuja kutupa pole. Walikaa, wakasikitika, wakanywa kahawa yetu, na wakati wa kuaga wakauliza taratibu kama ile ndoa ya Jumamosi ipo palepale. Mzee mmoja alitaka kujua ni halua au tende.

Siku ya tatu Baba akanishika mkono tukaenda kwa Sheikh wa msikiti wetu, na Athumani akatufuata kwa kuwa alijiona yeye ndiye chanzo. Tulitoa shikamoo, tukaketi. Baba akaeleza yote. Sheikh alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Uliposema mke wangu," akauliza, "moyoni ulimkusudia nani?"

"Bi Mapepe."

"Na Bi Mapepe ni nani?"

Baba akamtazama Athumani. Athumani akatazama dari.

"Ni Salehe, Sheikh. Fundi cherehani."

Sheikh akafumbua macho. Akaufunika uso kwa kiganja, mabega yakatikisika. Alipoutoa mkono alikuwa na uso wa Sheikh tena. Akasema kwa Salehe hapakuwa na ndoa, na pasipo ndoa hapana talaka, na mke wa Baba ni mke wake. Kisha akamkaripia Baba kwa muda mrefu, sana, kwamba neno lile halichezewi na asilitie tena mdomoni kwa ajili ya kuchekesha watu. Tulipokuwa tunaaga, Athumani, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akauliza, "Kwa hiyo Salehe hana eda?" Tukafukuzwa.

Baba akaenda Muheza na habari njema. Mwanaisha ndiye aliyekwenda naye, kwa hiyo haya ni yake. Mama alimsikiliza huku akimenya machungwa ya Bibi, akamaliza moja zima ganda halijakatika.

"Ya Sheikh nimeyakubali," akasema. "Lakini yako uliyasema mbele ya mtaa mzima. Haya ya Sheikh nimeyasikia mimi, na mama yangu, na kuku. Kayaseme palepale. Nitakuja. Nikiridhika nitakwenda nyumbani, nisiporidhika kaka yangu atanirudisha."

Jumamosi ile watu walikaa hadi madirishani. Mama aliingia na kikapu chake na kaka yake, akakaa mbele, hakutazama kushoto wala kulia. Baba akatoka bila ya unga. Hatukupata kumwona hivyo pale jukwaani, na nadhani hata yeye hakujua mikono aiweke wapi.

"Leo mimi si Bwana Vumbi," akasema. "Mke wangu ni Zaina binti Omari. Sikumwacha, sikukusudia kumwacha, wala sina haja ya kumwacha. Maneno yale yalikuwa ya kijinga, nami nimeyajutia."

Nilimtazama Mama, Mama akautazama mkeka. Bi Nuru ndiye aliyeuliza, maana alikuwa mtu wa kutaka kila kitu kieleweke.

"Tumesikia. Na Bi Mapepe je? Ameachika au hakuachika?"

Baba hakuwa amefika huko. Akawatazama wenzake nyuma ya pazia, nao wakamtazama yeye. Ndipo Mama akasema, pale pale alipokaa:

"Hakuachika. Amekwenda kwao kuuguza. Atarudi akirudi."

"Na yule mwenye masharubu?"

"Yule ni wifi yake. Dada mkubwa wa Bwana Vumbi. Kaja kumtunzia ndugu yake nyumba, na hana haja ya ndoa."

Ukumbi ulipasuka. Athumani alitoka na kanga yake imemfika magotini, na safari hii hakuna aliyeona kasoro, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na wifi wa namna ile. Bi Nuru alimletea mihogo jukwaani. Na mwisho wa mchezo Mama akachukua kikapu chake akashika njia ya nyumbani, sisi nyuma yake, Baba nyuma yetu, kaka yake akarudi Muheza peke yake.

Niongeze, kwa kuwa nimeahidi kusema sawa, kwamba mwaka uliofuata Salehe alirudi likizo akacheza Jumamosi moja, na watu wale wale walinung'unika kwamba amempunguzia Wifi maneno.

Tangu hapo kila Ijumaa Baba alimsomea Mama mchezo mzima jikoni, Mama akichambua mchele. Mara kwa mara alisema, "Hilo toa," bila ya kuinua kichwa. Baba akalitoa.

Rukia aliniuliza kama vichekesho vyetu vilikuwa vizuri kuliko vyao. Sikuweza kumwambia ndiyo. Vyao vina taa, vina nguo, na yule mama mpya, nilipomtazama vizuri, anacheka kama watu wengine tu. Lakini Rukia ameandika siku tatu na hajui kama kuna aliyesoma. Wale wa kwenye televisheni hawapiti mtaani kwetu wakanyimwa salamu, wala hawapati nafasi ya kusimama bila ya unga wakasema tumekosa. Nikamwambia sogea, tutazame wote. Yule mama mpya alipotamka neno moja lisilo la adabu, nilisema, "Hilo toa." Rukia akacheka. Mle ndani ya televisheni wakaendelea.