Mwanamke Aliyefungiwa Stoo ya Maktaba

Mimi ni karani wa maktaba hapa Malindi, na wiki hii nzima naingia kazini kwa mlango wa nyuma. Jumatatu tuliletewa vitabu vipya vya kusikiliza. Mkubwa wangu, Bi Zuhura, alivipanga stoo, akafunga mlango na kwenda kuswali adhuhuri. Haukupita muda nikasikia mwanamke akilia humo ndani.

"Nifungulieni! Ataniua!"

Nikaukimbilia mlango. "Vumilia, dada!"

"Wewe ni nani?"

"Mimi Karisa, karani!"

"Mwongo! Wewe ndiye uliyenifungia!"

Nikamwapia kwa jina la mama yangu kuwa si mimi, lakini akazidi kulia. Nikatoka mbio, nikaita madereva watatu wa tuktuk, tukauvunja mlango kwa mabega. Niliingia wa kwanza, machozi yakinitoka, mikono nimeinyoosha nimpokee.

Hapakuwa na mtu. Juu ya maboksi palikuwa na redio ambayo Bi Zuhura alisahau kuizima, na mwanamke yule yule akasema kwa utulivu: "Mwisho wa sura ya kwanza."

Madereva wakanitazama. Nyuma yao Bi Zuhura akauliza, "Karisa, kwani ufunguo niliokuachia mezani hukuuona?"