Siku Jenerali wa Beni Aliposema Kweli

Kwa miaka kumi na mitano nilikuwa jenerali, na jeshi langu lilikuwa la ngoma. Wasioikumbuka beni niwaambie: watu walijigawa pande mbili, kila upande na matarumbeta yake na vyeo vyake kama vya askari wa Kizungu, wakashindana kwa mavazi, kwa gwaride na kwa nyimbo za kuchambana. Hapa Kengeja mkubwa wa upande wetu nilikuwa mimi. Nilivaa kofia ya kaki na nishani za bati alizonikatia fundi wa makopo. Nikisema "Kushoto geuka!" watu arubaini waligeuka kushoto, wakiwamo wawili walionizidi umri.

Vilipokuja vita vya pili, mikusanyiko ikawa haifanywi bila ya kibali, na kibali sisi hatukupewa. Kaki haikuonekana dukani, hata kaniki ilikuwa kwa mgao. Mchele ukaadimika, tukarudi kwenye muhogo asubuhi na jioni. Hapo ndipo nilipojua maana ya jenerali asiye na kazi. Kwenda huwezi, maana kisiwa kina mwisho na kuvuka ni kwa ruhusa. Kukaa nako kunakuchoma. Nilikuwa kama kuku aliyefungwa mguu, nadonoa papo hapo nilipofungiwa.

Basi nikaviongoza vita vya watu. Habari alituletea dereva wa gari ya abiria, aliyezisikia kwenye redio Chake Chake, nazo zikitufikia huwa zimeshachacha. Karafuu zetu zilikuwa zimelala majamvini kwa kukosa meli, kwa hiyo zana hazikunipungukia. Karafuu ndio sisi, na makonyo, vile vikonyo vinavyochambuliwa, ndio Wajarumani. Kila alasiri nilivipanga barazani, na kila alasiri wakubwa wa vita walinikera. Watu waliosoma wanaacha ubavu wazi ambao hata kiongozi wa ngoma ya watoto asingeuacha! Wanarudi nyuma, halafu kurudi huko wanakuita ushindi.

"Piteni kusini, wapumbavu nyie!" nilizigombeza karafuu.

Mke wangu akapita na ufagio wa chelewa, akayafagia majeshi yote mawili. "Vita vishakwisha, bwana weye. Nenda kang'oe muhogo."

Siasa za ngoma ziliniudhi zaidi. Kamati yetu ilitaka nikambembeleze Mudir, mkubwa wa serikali hapa kwetu, atupe kibali cha Idd. Upande wa pili walikuwa washakwenda, wakajitia wanachangisha kwa ajili ya vita, wakaruhusiwa kupiga ngoma yao. Vijana wetu wakaanza kuwatamani. Niliwaambia wangoje, subira yavuta heri. Wakanijibu kwamba subira yangu mimi yavuta usingizi. Nilikasirika sana, kwa sababu ilikuwa kweli.

Mwisho Mudir mwenyewe akaniita. Nilikwenda na karatasi kwapani, ramani ya pwani niliyoichora kwa mkono wangu, kuanzia Kengeja mpaka Shumba, nimetia alama kila pahala panapofaa mlinzi. Nisimdhulumu, alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Bwana Jenerali, serikali inataka vijana. Wako wanajua kupanga safu. Niletee kumi tu, na kibali cha Idd nitakitia saini."

"Watashika bunduki?" nikamuuliza.

"Watafanya kazi watakayopewa."

Maneno hayo niliyajua. Niliambiwa yayo kwa yayo katika vita vya mwanzo, nami kijana, kabla sijavushwa kwenda bara. Kazi niliyopewa ilikuwa kubeba masanduku ya risasi kichwani, miezi kumi na moja, na njia nzima tulizika wenzetu. Homa na kuhara vilituua kuliko adui. Bunduki sikuishika hata ya kuifuta vumbi. Lakini niliporudi mzima watu waliniuliza habari za vita, nikaona haya kusema kuwa nilikuwa punda. Nikawapa kisa cha mto nilioulinda na wenzangu watatu. Kisa hicho ndicho kilichonipa ujenerali, na kila mwaka mto wenyewe uliongezeka upana.

Nilirudi nyumbani nikanyamaza, lakini karani wa Mudir alikuwa na mdomo. Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, jeshi langu lote lilikuwa barazani. Wa kwanza kusimama alikuwa kapteni wangu, ndugu mdogo wa pekee wa mke wangu, aliyelelewa naye tangu mama yao alipokufa. Akanipigia saluti.

"Mie wa mwanzo, Jenerali. N'ende nami nikalinde mto wangu."

Wenziwe wakashangilia. Nikisema kweli, nimejivua nguo mbele ya watu arubaini. Nikinyamaza, nimemtoa shemegi yangu kwa mikono yangu.

"Mto hakuna," nikasema. "Nilikuwa mpagazi. Nilibeba masanduku, na nyinyi mtabeba masanduku, na wengine wenu mtazikwa njiani bila ya sanda." Nikavua kofia, nikainama niwaoneshe utosini, pale nywele zilipogoma kuota kwa ajili ya mizigo.

Waliutazama utosi wangu. Kisha kapteni akaanza kutabasamu, na tabasamu likapita safu nzima.

"Jenerali atupima tu," akasema. "Ataka kujuwa nani mwoga."

"Ndo zake," akaitikia mzee mpiga ngoma kubwa. "Mmesahau alivotwambia mavazi yote yameungua, kumbe ataka kujuwa nani atatukimbia?"

Kweli niliwahi kufanya hivyo, na siku ile nilijiona fundi wa mbinu. Na utosi wangu nilishawaambia zamani kuwa risasi ilipita hapo. Nikaapa kwa Mungu, wakacheka zaidi, maana hata mto ule niliwahi kuuapia. Nikaamrisha kwa sauti ya gwaride asiende mtu. Wakapiga saluti wote kwa pamoja, na siku ya tatu kumi na mmoja wakajiandikisha.

Aliyenisadiki alikuwa mmoja tu. Mke wangu alikuwa nyuma ya mlango, akasikia yote, hakucheka.

"Mie nakusadiki," aliniambia watu walipotawanyika. "Miaka yote hino ulikuwa wangoja nini?"

Yeye akamfuata nduguye, akamlilia. Kijana akamfuta machozi akamwambia, "Dada, na weye umo katika mchezo wake?"

Siku ya kuondoka gari ya abiria ilisimama penye maduka, nao washapanda, wamejipanga nyuma, wanaimba nyimbo zetu za beni. Kapteni wangu aliponiona akasimama wima, akanipigia saluti. Watu wote wakanigeukia. Mungu anisamehe, mkono wangu ulipanda wenyewe, nikamrudishia.

Mke wangu akanishika kiwiko. "Mshushe," akaniambia. "Si weye jenerali? Mshushe."

Gari iliondoka mkono wangu ungali kwenye paji la uso. Kijana yule hakurudi.