Pini Mfukoni mwa Baba

Niliichukia ile ndege kabla haijatukosea lolote. Ilikuwa ya kunyunyizia nzige dawa, na miaka ile ya nzige sisi tuliokaa upande wa Matisi tuliamshwa na mngurumo wake kila asubuhi ikitoka uwanja wa Kitale. Majirani walinionea wivu. Ati nyumba yangu imebarikiwa, baba mzazi anafunga nati za ndege, na mume anapanda nayo mawinguni! Wivu gani, na mimi nashinda nikitazama juu mpaka itue?

Baba alipata ufundi jeshini wakati wa vita, akarudi nao, akaandikwa kazi pale uwanjani. Mume wangu alimfuata baadaye. Yeye alikaa nyuma ya rubani na kufungulia pampu ya dawa wakifika juu ya nzige. Lakini kabla ya kupanda alikuwa na kazi nyingine. Kila nati ambayo baba ameikaza, yeye aikague kwa mkono, kisha wote wawili waseme "sawa" kwa sauti, mzungu wa injini, mkubwa wao, asikie.

Utaratibu mzuri, kwa watu wengine. Kwetu Bungoma mtu atakaguaje kazi ya baba mkwe wake? Mume wangu hata akikutana na baba njiani alipisha mpaka majanini, kofia mkononi. Sasa aingize vidole pale mzee alipotoa vyake, kama kusema huyu haaminiki? Thubutu! Kwa hiyo baba alikaza, mume wangu akasimama kando akitazama nyasi, halafu akaitikia "sawa." Mzungu aliridhika. Hakuna aliyemwambia, na hakuwa mtu wa kuambiwa.

Nilimkemea mume wangu tukila.

"Wewe ndiye unapanda, bana, si baba. Si uangalie tu?"

"Niangalie kazi ya baba yako? Unataka nisemwe mpaka Kimilili?"

"Heri usemwe ukiwa hai!"

Akacheka. Ili nitulie, akanieleza jinsi mkia unavyofungwa. Kuna ubao unaopanda na kushuka, ndio unaoinua ndege, na bolti yake ina tundu. Hapo hupitishwa pini ya waya yenye miguu miwili, kisha miguu inakunjwa, na nati haitoki ng'o. Akaniletea pini moja kuukuu niione, miguu imepinda huku na huku. Badala ya kutulia nikaanza kuiota.

Jumamosi moja mvua ya mawe iliwakuta wakiufunga huo mkia. Wakaacha kila kitu, wakaisukuma ndege kibandani. Jioni baba akapita kwangu amelowa chapachapa, akaniachia ovaroli nifue, maana mama alikuwa Kimilili akilima. Jumapili ni ya kanisa, hatufui. Jumatatu asubuhi, kabla ya kuloweka, nikatia mkono mfukoni.

Nikatoa pini. Ilikuwa mpya, na miguu yake imenyooka.

Mungu wangu! Injini ilikuwa inanguruma tayari, maana yake zile "sawa" mbili zilikwisha kusemwa. Nikakimbia na ovaroli mkononi, bila viatu, bila kitambaa kichwani, watu wakiniita mwendawazimu. Ndege ilikuwa imegeuzwa mwisho wa uwanja, tayari kuondoka. Nikaingia kwenye nyasi, nikasimama mbele yake nikipunga ile nguo na kupiga mayowe. Rubani akazima. Mzungu wa injini akaja mbio akinitukana, baba nyuma yake, na mume wangu ametoa kichwa nje akinikodolea macho.

Kuna neno nililotakiwa kusema, na ilikuwa lazima nilisemee pale pale mbele ya watu wote.

"Baba hakuweka hii."

Walipofungua kule nyuma, nati ilizunguka kwa vidole.

Nilidhani tumepona. Nilidhani sasa mzungu atauliza yule wa pili aliitikia nini. Wapi! Alimgeukia baba peke yake.

"Mzee jinga kabisa! Wewe taka ua watu? Iko kosa ingine, wewe kwenda nyumbani!"

Baba, mtu mzima mwenye mvi, alisimama mikono kando kama mtoto wa shule. Mume wangu alishuka, akaenda kusimama nyuma ya kibanda ili asimwone mkwe wake akitukanwa. Nililia kwa hasira. Baba akanijia taratibu, akachukua pini kiganjani mwangu.

"Asante, mama," alisema. "Lakini mbele ya mkwe wangu, mama?"

Kesho yake nilikwenda uwanjani kuhakikisha mwenyewe. Baba alikaza. Mume wangu alisimama mbali kuliko zamani, maana kumkagua mzee aliyekwisha kuaibishwa kungekuwa kumvua nguo kabisa. "Sawa," alisema baba. "Sawa," akaitikia mume wangu. Nilimsema usiku huo mpaka sauti ikakauka.

Basi nikajiambia, mifuko ya ovaroli ninayo mimi. Sitaacha hata mmoja bila kuupekua. Jumamosi sikungoja baba aje, nilimfuata kwenye nyumba za wafanyakazi. Nikamkuta bombani amekunja mikono ya shati, karai mbele yake.

"Nipe nifue, baba."

"Hapana, mama. Siku hizi nitafua mwenyewe."

Akanipa kisogo, akamwaga vilivyomo mifukoni mahali nisipoweza kuona, ndipo akaitumbukiza ovaroli majini.

Jumatatu mume wangu alipanda.