Vinundu Nilivyovitoa kwa Kucha

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipoharibu kazi ya watu ya wiki sita nikidhani naisaidia. Nilikuwa msichana mwenye siku chache tu kwenye maabara moja ya mimea, na nyumbani kwetu Kariobangi ni mimi peke yangu niliyekuwa na kazi. Kwa hiyo nilitaka sana nionekane najua.

Mama Nekesa, mkuu wetu, alinipa mizizi ya soya niioshe udongo. Nikaikuta imejaa vinundu. Baba yangu alilima nyanya nyuma ya karakana za jua kali, na mizizi yake ikifanya vinundu, ni minyoo. Alikuwa anang'oa na kuchoma moto. Basi nikavitoa kimoja kimoja kwa kucha, vikaenda na maji ya sinki. Nilijiona fundi kwelikweli.

Mama Nekesa aliporudi, aliigeuzageuza ile mizizi.

"Vimeenda wapi?"

"Nimevitoa, mama. Ilikuwa na minyoo."

"Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa utasema sijui kazi."

"Sasa ndio nimejua hujui," akasema, na hakucheka.

Nilijua nimefutwa.

Akatafuta kinundu kimoja kilichonusurika, akakipasua kwa wembe. Ndani kilikuwa chekundu kama fizi. Akanieleza kwamba humo wanaishi bakteria wanaochukua nitrojeni ya hewani na kuilisha soya. Wanapobisha hodi, mzizi huanza kutengeneza protini za kujikinga, kama umevamiwa. Ukishawatambua, huzipunguza hizo na kutengeneza nyingine za kuwajengea chumba, pamoja na ile nyekundu, jamaa ya ile iliyo kwenye damu yetu, inayowapimia oksijeni. Kazi yote ya Mama Nekesa ilikuwa kulinganisha protini hizo, na mimi nilikuwa nimezimwaga.

Hakunifukuza. Alinipa mbegu na bakteria wake kwenye chupa, akasema, "Panda wewe, tunza wewe." Wiki sita nilizilinda zile soya kuliko nilivyojilinda mwenyewe. Siku ya kuzing'oa akanikabidhi wembe. Nikapasua kinundu cha kwanza, kikawa chekundu, nami nikalia mbele ya watu wote, wala sioni aibu kukwambia.

Mwanangu, Jumatatu unaanza kazi yako ya kwanza. Ukikuta kitu usichokijua, usikitupe kwa sababu tu kinafanana na ugonjwa uliouona kwenu. Uliza, hata wakikucheka. Mzizi hauna macho, na bado humchunguza anayebisha kabla ya kumfungia mlango. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kisha shika mbegu upande tena.

Mungu akujalie mkuu mwenye subira kama ya Mama Nekesa. Na siku utakapokuwa mkuu wewe, na msichana fulani amesimama mbele yako kucha zimejaa udongo, Mungu akujalie subira hiyo hiyo.