Mama Aliyejificha Ng'ambo ya Bikoni

Watu wa Songea wakijua kwamba mimi ni askari wa wanyamapori, swali lao ni moja tu: umewahi kuonana na simba uso kwa uso? Nimeulizwa sokoni, nimeulizwa saluni kichwa kikiwa ndani ya beseni, nimeulizwa na padri baada ya misa ya kwanza kwetu Mjimwema. Nikisema ndiyo, wanataka nikae niwasimulie. Nikisema simba huyo alinitazama, akapiga miayo na kwenda zake, wananiona mchoyo.

Ukweli ni kwamba dharura zetu nyingi hazina simba. Kuna lori limezama kwenye tope na dereva ana homa. Kuna tembo wameingia kwenye mahindi ya mtu na mwenye shamba amejitokeza kupambana nao kwa sufuria na mwiko. Kuna mrina asali ameanguka kutoka juu ya mninga, nyuki bado wanamfuata, na sisi tukimfuata tunafuatwa pia. Kazi ni kufika haraka, kumtoa mtu, kuandika ripoti, kuosha gari. Lakini ipo siku moja ambayo hata mume wangu amechoka kuisikia na mimi sijachoka kuisimulia, maana siku hiyo tulishinda, na tulishinda baada ya mimi mwenyewe kuwa mjinga kwa nusu siku nzima.

Ilikuwa msimu wa mvua, uyoga ulipokuwa umejaa porini. Kituo chetu kilikuwa mbele ya Lusewa, mahali ambapo mashamba ya tumbaku na mahindi yanaishia na hifadhi inaanza. Mpaka wenyewe ni mstari wa bikoni, vile vinguzo vifupi vya zege vilivyopakwa rangi nyeupe. Upande wa kijiji unaokota unachotaka. Ukivuka bikoni, hata uyoga ni kosa. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha wanavijiji kwa sauti ya juu. Sauti ndogo mimi sikujaliwa.

Asubuhi moja, tukiwa bado tunakunywa chai, alifika mkulima mmoja wa tumbaku kwa pikipiki, tope hadi magotini.

"Afande, mke wangu hajarudi tangu jana asubuhi," alisema. "Alikwenda kuokota kuni na wenzake. Wenzake wamerudi, yeye hapana. Na mtoto anaye mgongoni."

"Mtoto ana umri gani?"

"Miezi minne. Wallahi, afande, mvua ile ya usiku niliisikia yote."

Hakuna aliyemaliza chai. Mkuu wetu wa kituo alikuwa Mhehe, kwa hiyo mtani wangu, na kwa kawaida hatutoki kituoni kabla hajanikumbusha jinsi babu zake walivyowatimua babu zangu Wangoni. Siku hiyo hakutania. Alisema kila mtu avae buti, abebe maji, na gari liwashwe. Yule baba aliomba kwenda nasi, tukamkatalia. Kanuni yetu ni kwamba raia haingii kwenye msako, kwa sababu naye akipotea tunakuwa na watu wawili wa kutafuta. Tulimwacha pale pale kituoni, na mwenzetu aliyekuwa zamu ya redio.

Kwenye bikoni tulimkuta mama mkwe wa yule mwanamke, pamoja na wanawake wawili waliokuwa naye jana yake. Walikuwa wamesimama kwenye umande, kanga zimelowa. Nilimsalimu mama shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Wale wawili walionyesha kwa kidole: tuliachana hapa, yeye akaelekea kule. Niliona wanasema machache mno, nikadhani ni huzuni.

Tukaingia watu wanne, tumejipanga mstari, hatua kama ishirini kati ya mtu na mtu. Nyayo zote mvua ilikuwa imezifuta. Mimi ndiye nilipewa kipaza sauti, kwa sababu zilizo wazi. Nikaita jina lake, jina la baba yake, na jina la kijiji chake. Kisha nikaongeza maneno yaliyokuja yenyewe mdomoni, kwa mazoea ya miaka yote niliyokuwa kazini: "Sisi ni askari! Toka ulipo! Jitokeze tukuone!"

Msomaji, hayo ndiyo maneno tunayowaambia majangili.

Sikuyasikia hivyo wakati ule. Nilijiona mchapakazi. Wenzangu walipuliza filimbi, mimi nikanguruma, tukanyamaza na kusikiliza, tukasonga. Saa nne tulikuta kinyesi cha tembo ambacho bado kilikuwa na uvuguvugu. Muda mfupi baadaye, upande wa korongo, tulisikia sauti nyembamba inayolia. Nilipaza sauti kumwita tena, sauti ile ikakatika.

"Hondohondo," alisema mkuu.

Anayemjua ndege huyo hatamlaumu. Hondohondo akilia unaweza kuapa kuna mtoto mchanga juu ya mti. Wageni huwa wanatusimamisha wakiona tunapita bila kujali. Nami nilikuwa nimeshamsikia mara nyingi kiasi kwamba sikubisha. Tukapita. Tukaisikia mara ya pili, nikaita, ikakatika. Tukapita tena. Nikikumbuka tulivyopita, mpaka leo natamani kujizaba kibao.

Saa saba mchana tulirudi kwenye bikoni kujaza maji na kubadili mwelekeo. Wingu jeusi lilikuwa linajenga upya upande wa milimani. Mama mkwe alikuwa pale pale. Safari hii alinitazama, na alinitazama kwa muda.

"Wewe ndiye unayepiga kelele?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi hutampata. Mnamtafuta mtu anayewakimbia."

Wale wanawake wawili wakaanza kumvuta kanga anyamaze. Akawapiga vikofi mikononi na kuendelea. Hawakuwa wameenda kuni. Walivuka bikoni kufuata uyoga. Wakiwa wameinama wanaokota, walisikia gari la doria likija, kila mmoja akakimbia na njia yake. Wale wawili walikimbilia kijijini. Mkwe wake, ambaye ameolewa juzijuzi kutoka mbali na pori hilo halijui, alikimbilia ndani.

Gari la doria la jana yake nilikuwa nimelipanda mimi.

Kwanza nilikasirika hadi masikio yakawaka. Asubuhi nzima tumezunguka, na watu wamekaa na ukweli mifukoni! Nikafungua mdomo niwape vidonge vyao, halafu nikafunga, kwa sababu hasira ile ilikuwa inatafuta pa kukimbilia, na aibu ilikuwa imeshaiwahi. Wangeniambia vipi? Mwaka mzima nilikuwa nawaambia kwamba nitakayemkuta ng'ambo ataona cha moto. Waliniamini.

Hapo ndipo kile kilio kikarudi kichwani. Hondohondo ukimpigia kelele anaruka, na mbawa zake zinavuma. Huyu hakuruka. Huyu alinyamaza kila nilipoita, kama mtoto anayetiwa ziwa mdomoni haraka ili asikike kidogo iwezekanavyo.

"Mkuu, yule si ndege," nilisema. "Yuko korongoni. Anatusikia. Anamnyamazisha mtoto."

Alinitazama bila kupepesa. Alikuwa na watoto wanne, nikaona imemwingia.

"Mama," nilimgeukia mama mkwe, "nyie mkiwa kwenye uyoga mnaitana vipi?"

"Hatuitani majina. Porini jina halitajwi. Ukisikia jina lako, unanyamaza." Akaweka viganja mdomoni akatoa mlio mrefu unaopanda mwishoni, kisha akasema, "Mwenzako anajibu mara mbili. Asiyejibu si mwenzako."

Nilivua koti la kazi na kofia nikamkabidhi mwenzangu. Niliomba kanga kwa mmoja wa wale wanawake, nikajifunga juu ya suruali. Kisha nikamwambia mkuu kwamba nataka kuingia na mama huyu, yeye aje nyuma yetu na bunduki kwa ajili ya tembo, filimbi hakuna, kipaza sauti hakuna.

"Raia haingii kwenye msako," alisema. "Unaijua kanuni kuliko mimi."

"Naijua. Andika kwamba mimi ndiye niliyeivunja."

Akatazama wingu. "Nitaandika tumeivunja," alisema. "Haya, Mngoni, tangulia kabla sijabadili mawazo."

Tukatembea mama mkwe mbele, mimi nyuma yake. Alitembea bila kukanyaga hata kijiti kikavu, mimi na mabuti yangu nikawa kama trekta. Tulipofika juu ya korongo aliita. Kimya. Matone yalianguka kutoka kwenye majani ya mitondoo. Akaita tena, akasubiri. Mara ya tatu aliita kwa muda mrefu kuliko zote, nikajikuta nimeshika rozari mfukoni na sijui niliishika saa ngapi.

Kutoka chini, sauti iliyokauka ikajibu. Mara moja. Halafu, baada ya kitambo ambacho nilikiona kirefu kama kwaresima nzima, mara ya pili.

Mama mkwe aliteremka lile korongo kwa makalio, pamoja na umri wake ule, akishika mizizi. Nilimfuata. Mwanamke yule alikuwa chini ya gogo kubwa lililolala, amekaa kwenye majani aliyoyakusanya, mguu mmoja umevimba kifundoni kama kibuyu. Mtoto alikuwa kifuani pake, amefungwa kwa kanga mbili. Yeye mwenyewe hakubakiwa na kitu cha kujifunika. Usiku kucha mvua yote ilimwangukia yeye, na mtoto alikuwa mkavu.

Alimkumbatia mama mkwe wake, wakalia. Kisha macho yake yakashuka kwenye mabuti yangu, chini ya ile kanga. Akaanza kujivuta kwa mikono kurudi chini ya gogo, na kiganja chake kikaenda kwenye kisogo cha mtoto kumsogeza kifuani.

"Uyoga nimeutupa, afande," alisema kwa haraka. "Wote nimeutupa. Sina kitu. Nisamehe, usimchukue mtoto."

Sijui nani aliwahi kumwambia kwamba tunachukua watoto. Labda hakuna, labda ukiogopa usiku kucha unaongeza mwenyewe. Nilipiga magoti kwenye tope na nikalia, na sioni haya kuandika hivyo. Nilimwambia kwamba sikuja kumkamata, kwamba nilikuja kumwomba yeye msamaha. Nilimwambia mume wake anamsubiri. Maneno hayakumfikia. Mikono ndiyo iliyomfikia: nilishika mguu wake, nikautia maji safi, nikaufunga bandeji taratibu, na alipoona kwamba sifanyi jingine, mabega yakashuka.

Mkuu alifika ukingoni, bunduki mgongoni. Hakusema neno la amri. Alisema, "Pole sana, mwanangu," akateremka, akageuka na kuinama ili mwanamke apande mgongoni kwake. Mhehe yule, ambaye babu zake aliwasifia kila asubuhi, alipanda korongo lile akiwa amembeba mwanamke mzima bila kusimama hata mara moja, na nikamwambia leo nakubali, babu zako walikuwa wanaume. Mama mkwe alicheka kwanza, akafuatia yule mwenye mguu. Tulikuwa tumeshinda, na kila mtu pale alijua.

Nilipewa mtoto nimbebe. Alikuwa wa moto, mzito, ananuka maziwa na majani. Tulipofika juu nikachukua redio ya mkononi ili nitoe taarifa kituoni. Kuna namna ya kutoa taarifa: unataja mahali, idadi, hali. Nilibonyeza kitufe, na nikiwa natafuta sauti, mtoto akaanza kulia.

Mama yake, mgongoni kwa mkuu, alishtuka. Mkono wake ulinyooka kwangu kwa mazoea ya siku mbili, ziwa limeshatolewa, tayari kumziba. Halafu akaona nimeshika redio karibu kabisa na mdomo wa mtoto, na kidole sijakiondoa kwenye kitufe. Mkono ukabaki hewani. Akaurudisha taratibu begani kwa mkuu.

"Mwache," alisema. "Mwache alie."

Alilia kwa mapafu yote aliyopewa. Mwenzetu wa zamu alinisimulia baadaye kwamba kule kituoni sauti ilijaa chumba kizima, na alipogeuka kumwita yule baba, alimkuta ameshaingia, amepiga magoti mbele ya redio, ameiwekea sikio.