Nyumba Yenye Watu Mlangoni

Dalali wa Arua ninayempigia picha za nyumba alinipa kamera mpya na onyo: picha zikitoka giza tena, kazi imekwisha. Nikafika Koboko, mtoto mgongoni, na mlangoni mwa nyumba ya kupangisha nikamkuta mama mwenye nyumba na ukoo mzima, nguo za kanisani, wamejipanga.

“Mama, napiga nyumba tu.”

“Nyumba bila watu? Watasema iko na mashetani! Piga, mwanangu.”

Niliogopa kubishana naye, nikaligeuzia jua mgongo kama nilivyofunzwa, nikapiga, wote wanacheka.

Dalali alipoiona picha akanuna: “Sasa nyumba iko wapi hapa?” Lakini mpangaji wa kwanza aliigusa picha hiyohiyo: “Nataka hii.”

Kamera ninayo bado! Siku hizi, wasomaji, nikifunguliwa nyumba tupu nauliza kwanza: wenyewe wako wapi?