Gitaa Lililochagua Mwenye Dhambi

Kanisani kwao Ngaremara walisema gitaa lilimjua Nakaale. Kila alipoimba vidole vikiwa kwenye nyuzi, mdomo ukigusa kipaza sauti, stima ilimruka midomoni akaukata wimbo katikati. Ekitela, kiongozi wa kwaya, alichukua gitaa lilo hilo, akapiga, akaimba, asiguswe. Basi ikaamuliwa kwamba Nakaale ameficha jambo, na Mungu amelitoa nje kwa waya.

Gitaa lenyewe lilikuwa lake. Aliuza mbuzi akalinunua, akajifunza kwa masikio tu, kwa kuwa darasani hakuwahi kuingia. Sasa aliambiwa akae benchi la nyuma mpaka atubu.

"Nitubu nini?" alimuuliza Ekitela mbele ya watu.

"Wewe ndiye unajua, mama. Sisi tunaona tu stima ikichagua."

Kisha gitaa likaanza kuvuma vibaya, na wao hao wakamtuma alipeleke Isiolo mjini, pamoja na spika yake, vikatengenezwe. Kupiga hafai, kubeba anafaa. Nakaale alivifunga kwenye bodaboda akiwa ameuma meno.

Hakwenda kwa Marete, fundi aliyeitwa na Ekitela hapo awali, spika ilipokuwa na kelele. Alikwenda kwa Abiba, mama wa kutengeneza redio karibu na soko la mifugo. Abiba alifungua gitaa, akanusa ndani.

"Nani ametia asidi humu?"

"Marete. Yule wa kuziba sufuria."

"Basi alikuzibia sufuria, dada."

Alimwonyesha. Marete alitumia chuma chake kinene cha kupashwa kwenye makaa, kikaunguza vifaa vidogo, na asidi yake ilikuwa inakula waya polepole. Abiba alitoa chuma chembamba cha stima, ncha kama ya kalamu, na lehemu yenye dawa yake ndani. Akasafisha, akagusisha kidogo, na kila kiungo kikang'aa. Ndipo akafungua plagi ya spika, akaigeuzia kwenye mwanga.

Waya wa tatu ulikuwa umekatwa.

"Huo ni wa ethi," Nakaale akasema. "Marete alisema haubebi moto, ni wa bure, unaleta kelele tu."

"Huo ndio unaopeleka moto uliopotea udongoni. Ukiukata, moto unapanda kwenye nyuzi na kipaza sauti, ukitafuta mwili wa kushukia. Wewe ukipiga unavaa nini miguuni?"

"Navua viatu. Pale ni mbele ya Mungu. Na sakafu yetu ni udongo, tunanyunyizia maji vumbi litulie."

"Na huyo Ekitela?"



"Akala," Nakaale alisema. "Hazimtoki miguuni. Mpira wa gari."

"Sasa umejua dhambi yako. Na yeye asijisifu, siku akala zikilowa atapigwa pia."

Abiba hakucheka. Alirudisha waya wa tatu mahali pake, akamkataza kuchomeka kitu kanisani kabla yeye hajafika. Jumamosi alikuja na kipimo, akakuta hata chuma cha ethi kilichochimbiwa nyuma ya kanisa waya wake umelegea. Akaukaza, akapima tena kila tundu la plagi ukutani, ndipo akaridhika.

Jumapili kwaya ilisimama, habari za waya na akala zimeshaenea. Ekitela alinyoosha mkono kuelekea benchi la nyuma, uso mtamu.

"Mama Nakaale, tumekuombea na Bwana ametenda. Rudi mahali pako. Tumekusamehe."

Nakaale alitembea hadi mbele, akaliokota gitaa, lakini hakulivaa. Alimnyooshea Ekitela.

"Mmenisamehe nini?"

"Mambo yameisha, mama."

"Hayajaisha. Vua akala, usimame hapa nilipokuwa nasimama, uimbe ubeti mmoja. Sakafu imeshanyunyiziwa."

Ekitela aliitazama sakafu, akaitazama miguu yake.

"Miguu yangu haipendi baridi," akasema.

Baridi, Ngaremara ya jua kali, saa tano mchana. Mwanamke mmoja alicheka ndani ya leso, kisha benchi lake zima. Nakaale alivua viatu vyake, akakanyaga udongo uliolowa, akaweka mdomo kwenye kipaza sauti na kupiga uzi wa kwanza. Stima ilikaa kimya. Aliimba nyimbo zote bila kumtazama Ekitela. Watu walipotoka alilifunga gitaa kwenye kanga, akaenda nalo nyumbani.

"Jumapili ijayo je?" Ekitela akauliza mlangoni.

"Gitaa linakaa kwangu. Siku utakayokuja kuomba radhi utalikuta. Na uje miguu mitupu."